Kupenda na Kutoa Alama

Mtu aliyekulia pwani kama mimi, akisikia neno manga, kwanza huikumbuka pilipili. Katika Kiswahili cha wazee wetu Manga ni Arabuni, na pilipili manga ni ile iliyotufikia kwa majahazi kutoka upande huo. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiambia, likizo ya mwezi Juni, kwamba ameniletea manga, nilidhani ananitania. Alichotoa mkobani hakikuwa kiungo cha pilau. Vilikuwa vitabu vinane vya picha kutoka Japani, vilivyofasiriwa kwa Kiingereza, alivyotumiwa na mjomba wake anayefanya kazi Uingereza. Kwa Kijapani neno hilo huandikwa kwa alama mbili: moja ina maana ya jambo lifanywalo hivi hivi bila mpango, na nyingine ina maana ya mchoro. Mchoraji mashuhuri Hokusai alilitumia katika jina la vitabu vyake vya michoro, cha kwanza kikitoka mwaka 1814. Lakini hadithi za picha tunazoziona leo ni jambo la karne ya ishirini, na zaidi ni la baada ya Vita Kuu ya Pili.

Kitabu cha kwanza nilikifungua upande usio wake. Hadithi hizo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mjukuu alinicheka, nami nikajicheka pia, maana mimi ndiye niliyefundishwa kusoma kutoka kulia, chuoni kwa maalimu, kabla sijaijua hata herufi moja ya Kizungu. Na barua za marehemu baba yangu, za Kiswahili kitupu, ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Mwanzo ulikuwa mwema basi. Lakini baada ya robo saa nilikirudisha kitabu nikasema, "Siyapendi macho haya."

"Kwa nini, babu?"

"Siyapendi tu."

Ndugu msomaji, nimefundisha miaka thelathini na sita, kumi na minne kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu. Mwanafunzi aliyenijibu "siyapendi tu" nilimsimamisha mpaka apate sababu. Sasa ilikuwa zamu yangu kusimama, na kwa kweli nimesimama muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Macho yenyewe ni haya. Katika hadithi zinazochorwa kwa ajili ya wasichana, ambazo ndizo azipendazo mjukuu wangu, jicho la mhusika huweza kuchukua robo ya uso. Ndani yake mna nyota, mna vimulimuli, mna mwanga kama wa dirisha. Pua ni nukta. Kidevu ni ncha ya sindano. Mstari wa kuzunguka picha hukatika njiani, na maua humwagika kutoka picha hii hadi ile, wala hakuna bustani yoyote katika hadithi. Msichana akipata barua, maua. Akikosa barua, maua.

Asili ya macho makubwa hayo hutajwa sana kuwa ni Osamu Tezuka, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 1989. Alisomea udaktari akafuzu, lakini kazi aliyoifanya ni kuchora. Mwenyewe alikiri kwamba alijifunza mengi katika filamu za katuni za Marekani, za Walt Disney na za akina Fleischer, ambazo wahusika wake hutumbua macho. Na utoto wake aliupitisha katika mji wa Takarazuka, wenye kundi maarufu la michezo ya jukwaani ambalo waigizaji wake wote ni wanawake. Waliomfuata wakayakuza macho yale zaidi ya alivyoyaacha yeye. Nimewahi kusikia hoja kwamba yale ni macho ya Kizungu, na kwamba Wajapani waliuonea haya uso wao baada ya kushindwa vita. Hoja hii nami niliishika siku mbili tatu, maana ilinifaa: ilinipa sababu ya heshima ya kutopenda nisichokipenda. Nikaja kuiacha. Msomaji wa Japani akiuona uso ule humwona msichana wa Kijapani, na wala halimpitii wazo jingine. Uso uliochorwa kwa mistari michache hauna kabila mpaka mtu aamue kuutilia.

Ikabidi nitafute sababu yangu mahali pengine, nayo niliipata katika chuo cha ualimu.

Pale tulifundishwa, mwaka 1972, kwamba mwili wa mtu mzima hupimwa kwa kichwa chake: vichwa saba na nusu toka utosini hadi nyayoni. Macho hukaa katikati ya kichwa, si juu kama watoto wanavyodhani, na baina ya jicho na jicho pana nafasi ya jicho moja. Tulichora chupa, tukachora boksi, tukachora mtungi na kivuli chake. Usiku tulitengeneza zana za kufundishia kwa karatasi za manila na wino, na mkufunzi wetu alikuwa akipita na rula. Wako watakaoicheka elimu hiyo. Mimi siicheki. Kwa kijana aliyetoka kijiji ambacho picha pekee ilikuwa ya kalenda ya dukani, kuambiwa kwamba mwili una hesabu, na kwamba ukiijua hesabu utaweza kumfanya mtu asimame juu ya karatasi, kulikuwa sawa na kukabidhiwa ufunguo wa ghala. Niliipenda kanuni ile kama mtu apendavyo kitu kilichomtoa gizani. Basi nilipouona uso wenye macho yasiyokaa mahali pake, aliyechukizwa alikuwa kijana yule wa mwaka 1972, na kwa upande wake alikuwa na haki.

Barazani kwetu ugomvi wa namna hii humalizwa upesi. Mmoja husema, "Kipendacho roho hula nyama mbichi," kahawa ikaongezwa, watu wakahamia kwenye habari za mpira. Ni methali ya amani, lakini nimeanza kuishuku kwa sababu huja palepale mazungumzo yanapoanza kuwa na maana. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 ambacho nimekisoma uzeeni wala sijidai kwamba nilikielewa chote, anatenga mambo mawili tunayoyachanganya. Nikisema kwamba kahawa chungu hunipendeza, nimetoa habari za ulimi wangu, na hakuna wa kunibishia. Lakini nikisema kwamba kitu hiki ni kizuri, nimevuka mpaka: nawadai na wengine wakubali. Naye Mskoti David Hume, mwaka 1757, alikwisha kuuliza ni nani basi anayestahili kudai hivyo, akajibu kwamba ni mtu mwenye hisia nyepesi, aliyezoea kutazama, aliyelinganisha vingi, na aliyejivua chuki alizokuja nazo. Nilijipima kwa kipimo hicho. Robo saa, kitabu kimoja, na chuki ya tangu mwaka 1972. Hakimu aliyekalia kiti barazani kwangu hakuwa na sifa hata moja.

Nikaamua kusoma. Mjomba akatuma vitabu vingine, na mjukuu akawa mwalimu wangu. Sitamchosha msomaji kwa kuvitaja vyote. Katsuhiro Otomo, katika hadithi yake ya Akira iliyotoka kati ya mwaka 1982 na 1990, anaubomoa mji mzima kwa uangalifu wa mhandisi, kila dirisha likivunjika kivyake, nilistaajabu, nikachoka. Aliyenishika ni Shigeru Mizuki. Huyu alizaliwa mwaka 1922, akapelekwa vitani Rabaul katika visiwa vya Pasifiki, na huko akapoteza mkono wake wa kushoto. Mwaka 1973 alitoa hadithi ya askari wa Kijapani walioamriwa kwenda kufa katika visiwa hivyo, kwa sababu tu ilikwisha kutangazwa kwamba wamekufa. Wanajeshi wake ni vikaragosi, pua kama viazi na vinywa wazi. Ila msitu unaowazunguka umechorwa jani kwa jani, kama picha ya kamera. Mwanzoni nilidhani mchoraji aliishiwa na muda kwa watu. Baadaye niliona kwamba vikaragosi wale nimekwisha kuwajua kama ninavyowajua majirani, na msitu ule halisi ulikuwa unawasubiri.

Kipo kitabu kingine nilichokipenda zaidi, na sasa nafika kwenye jambo linaloniumiza. Takehiko Inoue alianza mwaka 1998 kuchora hadithi ya Miyamoto Musashi, mshika upanga wa Japani ya kale, chini ya jina la Vagabond. Ajabu ya mchoro! Hapa vichwa saba na nusu vilitimia. Misuli, mikunjo ya nguo, upepo katika manyasi, vyote kwa wino, mahali pengine kwa brashi. Nilikisoma usiku kwa taa, nikarudia kurasa. Usiku mmoja nilimwita mjukuu wangu nikamwambia, "Njoo uone uzuri huu."

Akaja, akautazama ukurasa. "Babu," akasema, "huyu mtu si ameuawa?"

Nami nilikuwa namwonyesha manyasi.

Siku hizohizo mezani palikuwa na kitabu kingine, nilichokwisha kukianza mara mbili na kukiweka chini mara mbili. Ni Hadashi no Gen, yaani Gen apitaye pekupeku, cha Keiji Nakazawa. Mchoro wake ni ule hasa nisioutaka. Nyuso za duara, vinywa vilivyopanuka hadi masikioni, machozi makubwa kama maharage. Watoto hurukaruka, hupigana makonde, huimba barabarani. Nilikiona kama gazeti la vichekesho lililorefushwa. Nakazawa alizaliwa Hiroshima mwaka 1939. Tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa na umri wa miaka sita, karibu na ukuta wa shule yake, na ukuta huo ukamkinga. Baba yake, dada yake na mdogo wake wa kiume walikufa siku ile. Mama yake alijifungua siku hiyohiyo, na kitoto hicho cha kike hakikuishi muda mrefu. Mama mwenyewe alifariki mwaka 1966, na alipochomwa kwa desturi ya kwao, mtoto wake alikuta majivu tu mahali ambapo mifupa ingepaswa kubaki. Hasira ya mifupa ile ndiyo iliyomfanya aanze kuchora juu ya bomu. Hadithi ya Gen ilianza kutoka mwaka 1973, tena katika jarida la wavulana, katikati ya visa vya michezo na mapigano.

Nilikichukua mara ya tatu kwa aibu ya usiku ule wa manyasi. Safari hii sikukiweka chini. Nyuso zilezile za duara, zilizokuwa zikicheka kwa meno yote, zilikuja kubanwa chini ya boriti la nyumba huku moto unasogea, na mama na mtoto hawana nguvu ya kuliinua. Watu wanapita njiani ngozi zao zinaning'inia mikononi. Mchoro haukubadilika. Hakuleta brashi laini wala kivuli cha heshima. Mkono uliochora watoto wakigombea kiazi kitamu ndio uliochora hayo. Na mimi, mtu mwenye jicho lililosomeshwa, nilikuwa nimekaa juma zima nikiburudika kwa kutazama watu wakikatwa kwa upanga, nikikataa kumtazama mtoto aliyeungua, kisa kidevu chake hakikuchorwa kwa ustadi.

Siku zote niliamini kwamba mapenzi ya mtu katika michoro hayana hatia, kama mapenzi ya chumvi au sukari. Bado nadhani hivyo kuhusu mapenzi yenyewe. Sikuyachagua, na wala siwezi kujilazimisha. Mpaka leo mchoro wa Nakazawa siupendi. Nimejaribu, nao umekataa. Lakini kupenda kulikuwa kunanifanyia kazi nyingine bila ruhusa yangu: kulikuwa kunaniamulia ni maumivu ya nani yanayostahili kutazamwa. Kazi hiyo haikuwa yake.

Na ikiwa mwenye mapenzi hayo ana cheo, mambo huwa mazito zaidi. Mwezi Desemba mwaka 2012 wakuu wa elimu wa mji wa Matsue huko Japani waliwataka walimu wakuu waiondoe hadithi ya Gen katika rafu zilizo wazi za maktaba za shule, ikawekwe mahali ambapo mtoto hawezi kuichukua mwenyewe. Sababu yao ilikuwa ukatili uliochorwa humo, hasa matendo ya askari wa Japani wenyewe. Habari ikavuma mwezi Agosti 2013, watu wakalalamika, na kabla mwezi huo haujakwisha amri ikafutwa. Nakazawa hakuyaona hayo. Alifariki siku chache kabla ya mwaka 2012 kumalizika. Naitaja habari hii kwa sababu nimejiuliza, kama mwalimu mkuu, ningefanyaje kama barua ile ingefika mezani kwangu. Nisingekuwa na haja ya kuwachukia wala kuwapenda askari wa Japani. Ningesema tu kwamba kitabu chenyewe hakikuchorwa vizuri, hakuna kitakachopotea, na ningetia sahihi kabla ya chai ya saa nne.

Kitabu cha mwisho nilichopewa likizo ile ni cha Fumiyo Kouno, aliyezaliwa Hiroshima mwaka 1968, miaka mingi baada ya bomu. Hadithi yake ilitoka kati ya mwaka 2007 na 2009, nayo ni ya msichana aitwaye Suzu, aliyeolewa katika mji wa bandari ya kijeshi wa Kure wakati wa vita. Nilikipenda tangu ukurasa wa kwanza, wala sistahili sifa kwa hilo, kwani kilikuwa kimekatwa kwa kipimo changu. Macho madogo. Mstari mwembamba wa mkono, bila zile karatasi za vidoti ambazo wachoraji wengi wa Japani hubandika ili kupata kivuli. Suzu anapika, anashona, anapungukiwa na mchele, anapanda mlima na ndoo. Naye hupenda kuchora. Kisha mwaka 1945 bomu lililochelewa kulipuka linamwua mtoto mdogo aliyekuwa amemshika mkono, na mkono ule wa kulia wa Suzu, ambao ndio wa kuchorea, unakwenda naye.

Kuanzia hapo niliona nyumba zimepinda. Milima imeyumba, nguzo hazikusimama wima. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba wachapaji wameharibu, au mchoraji alikuwa na haraka ya kumaliza. Akatikisa kichwa.

"Hapana, babu. Mandhari ya nyuma aliyachora kwa mkono wa kushoto. Makusudi. Suzu hana tena wa kulia."

Nilikifunga kitabu nikatoka nje. Nilikuwa nimeishika kichwani kalamu nyekundu, tayari kuitia alama mistari ile ya upogo, na kalamu hiyo ilinikumbusha karatasi moja ambayo sikupata kuisahau, ingawa kwa miaka mingi nilijidai nimeisahau.

Ilikuwa mwaka 1983, darasa la sita. Niliwapa watoto kazi ya kumchora mtu wa shuleni. Mvulana mmoja alimchora mama aliyekuwa akitupikia uji. Kichwa kilikuwa thuluthi ya mwili mzima. Macho yalikuwa makubwa kama vikombe vya kahawa, na mwiko mkononi mdogo kama kijiti cha kiberiti. Nilimpa alama tatu kwa kumi, nikaandika kwa wino mwekundu, "Chora unachokiona." Hayo peke yake ningeweza kuyatetea mbele ya mkaguzi yeyote. Lakini niliinua karatasi ile darasa zima likaiona, nikauliza, "Nani kati yenu ana macho haya?" Wakacheka, nami nilitaka wacheke. Kicheko kilipokwisha, mvulana akasema kwa sauti ndogo, bila ya ukaidi, "Mwalimu, ndivyo anavyotuangalia."

Nilimwambia akae.

Mwaka ule chakula kilikuwa kigumu nchini. Wa rika langu hawahitaji kukumbushwa. Uji ulikuwa wa kupimwa. Yule mama alikuwa akiuangalia mstari wa watoto, akiangalia sufuria, akiangalia tena mstari, na mtoto aliyesimama na kikombe chake cha bati alikuwa akiyaona macho yale kabla ya kuona kitu kingine chochote duniani. Mvulana alichora alichokiona. Mimi ndiye nisiyekiona, ingawa nilipita pale kila siku saa nne.

Sitaki kuikuza habari hii kupita kipimo chake. Kusema kwamba niliua kipaji kungekuwa ni kujisifu kwa mlango wa nyuma, kana kwamba neno langu moja lilikuwa na nguvu za namna hiyo. Yule bwana leo ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, ana watoto, hunisalimu "Shikamoo, mwalimu" tukikutana sokoni, nami huitika marahaba. Pengine hakumbuki. Ninachokijua ni kwamba tangu siku ile, katika somo langu, alichora chupa na maboksi yaliyonyooka, na nilimpa saba, na mara moja nane, nikaandika "Umejitahidi." Nimewaza kumweleza. Kila ninapokaribia nashindwa kujua nitaanzia wapi, maana kumwambia mtu mzima mbele ya mizani ya nyanya kwamba mwaka 1983 ulikuwa sahihi ni jambo gumu kulitamka.

Wapo watakaosema: basi achana na alama, kila mtoto achore apendavyo, na mwalimu aseme vizuri, vizuri. Nimewasikia walimu vijana wakisema hivyo, na nadhani huo ni uvivu uliovaa kanzu ya upole. Mtoto anajua kama umemtazama au hukumtazama. Kosa langu mwaka ule halikuwa kwamba nilikuwa na kanuni. Kanuni ilikuwa nzuri, na mvulana yule ingemfaa kuijua. Nilikosa kwa kuichukua chuki ya jicho langu na kuivika joho la kanuni, kisha nikaipa ile kalamu. Mambo mawili yalikuwa mbele yangu, mwiko uliochorwa vibaya na macho nisiyoyapenda, nami nikayatilia alama moja.

Siku ya mwisho ya likizo mjukuu wangu aliniletea karatasi. Alikuwa amenichora, nimeketi barazani, kofia kichwani, kitabu mkononi. Macho yangu yalikuwa makubwa, yana nyota. Maua hayakuwapo, nadhani alinionea huruma.

"Alama ngapi, babu?"

Nilivaa miwani. Niliitazama kwa muda mrefu zaidi ya robo saa, maana sasa nimejifunza. Nikamwambia kwamba kofia ameipata, hata ile sehemu iliyofumuka upande. Nikamwambia kwamba mkono ulioshika kitabu ni mbovu: vidole sita, na kiwiko kimekunjika pale ambapo kiwiko cha binadamu hakikunjiki. Na nikamwambia kwamba macho siyapendi, ila hilo si kosa lake, ni habari zangu mimi.

Aliuangalia mkono, akahesabu vidole, akacheka. "Mkono nitaufuta," akasema. "Macho siyafuti."

"Sikukwambia uyafute," nikasema. Akachukua kifutio.